Kesi ya Mama Jacqueline na Suruali za Kafa-Ulaya

Ilikuwa mwaka themanini na tano. Hapana, tuseme kweli: themanini na tano watu walikuwa bado wanavaa viraka. Ilikuwa themanini na sita, au saba ikianza, pale marobota ya mitumba yalipoanza kumwagwa Kariakoo kama mahindi, na kila mwanamume akawa na suruali iliyomzidi.

Nguo hizo ziliitwa kafa-ulaya, na ndizo zilizomlisha Candida, Mama Jacqueline, mtu wa Kibosho. Alipanga chumba cha chini Mchafukoge, katika nyumba ya Madhuben, akawa anapunguza viuno. Mtu aliingia na kafa-ulaya yake, akaivaa, Candida akaibana kwa pini, kisha jamaa akaivua nyuma ya pazia, akapewa kanga, akakaa kwenye benchi kungoja. Jioni ungekuta benchi zima wamejifunga kanga, wanabishania Simba na Yanga, naye anaimba nyimbo za kanisani huku mguu unakanyaga cherehani. Mteja mwembamba, Candida alimwonea huruma: "Kula, mdogo wangu. Nikipunguza tena, mifuko ya nyuma itakutana."

Sasa mtu wa ng'ambo ya barabara aliona jambo moja tu: wanaume wanaingia mmoja mmoja, wanatoka wakifunga mikanda. Akaenda kusema. Polisi walipoingia, wale wa kanga walitimka kwa mlango wa uani, na Candida akashtakiwa kuendesha danguro.

"Kama si mambo yale, wamekimbia nini?" askari alimuuliza.

Walikimbia kafa-ulaya. Siku zile mtu alivaa mtumba, hakuutaja. Mbaruku, mmoja wa wale wa kanga, karani wa bandarini, aliwaambia wenzake kazini kwamba suruali zake hutumwa na shemeji yake wa Hamburg.

Pratik, mpwa wake Madhuben, wakili kijana, alikubali kumtetea Candida, ila kwa mashaka.

"Mama, bila shahidi hata mmoja ni kazi. Ukikiri, huenda ukapigwa faini, yakaisha."

"Yakaisha kwako, baba. Mimi Jumapili nitakaa wapi kanisani? Na Jacqueline ataolewa kama mtoto wa nani?"

Madhuben akadakia, "Mimi naishi juu ya chumba kile. Danguro gani linaimba nyimbo za kanisani?"

"Masi," Pratik akamwambia dada huyo wa mama yake, "watasema unatetea kodi yako."

Basi Candida, akiwa nje kwa dhamana, akajitanda kitenge, akaenda nyumbani kwa Mbaruku, Gerezani.

"Shikamoo, Mama Jacqueline."

"Marahaba, mwanangu. Suruali yako wameishika polisi. Sasa inaitwa kielelezo."

Mbaruku akacheka, kisha akaacha. "Mama, nikisema nilikaa kwako na kanga, tena kwa ajili ya mtumba, bandarini watanimaliza."

"Wewe watakucheka wiki. Mimi watanitaja maisha."

Candida akaaga bila kumlaumu. Njiani alijiambia kwamba kijana wa watu naye ana aibu yake.

Siku ya utetezi mahakama ilijaa wanaume waliokuja kutazama tu. Candida, kizimbani, aliwatambua mmoja mmoja kwa viuno. Mbaruku hakuwamo. Pratik alikuwa ameshainuka kusema hana shahidi, ndipo mlango ukasukumwa na Mbaruku akaingia, jasho linamtoka.

Mwendesha mashtaka akamkamia. "Ulivua suruali kwa mwanamke asiye mkeo?"

"Niliivua."

"Kwa nini?"

"Kiuno kilikuwa cha Mzungu."

Watu wakaangua kicheko, hata karani wa mahakama akaficha uso.

"Na mbona ulikimbia?"

"Aibu, mheshimiwa. Nimewaambia wenzangu nina shemeji Hamburg. Sina shemeji Hamburg. Nina Mama Jacqueline, ananishonea."

Candida akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Hakimu aliomba kile kielelezo, akakigeuza ndani nje, akautazama mshono kwa muda, pini mbili zikiwa bado zimechomekwa. Akasema shtaka halikuthibitishwa, mama aende nyumbani kwake. Lakini kabla hajainuka akawageukia wale waliokuja kutazama tu, ambao wote sasa walikuwa wameinamia magoti yao.

"Na ninyi wengine," akauliza, kwa upole kabisa, "mlikuwa mnangoja mama huyu afungwe ndipo mseme?"