Poda kwenye Kola ya Baba

Harufu ya poda ya uso hunirudisha kwenye chumba chetu katika mtaa wa Doornfontein, mama akinusa kola ya shati la baba. Baba alikuwa mlinzi, lakini mwezi ule alikuwa akirudi kutoka kazini akinukia poda, midomo ikiwa na wekundu.

"Leo tunamfuata," mama aliniambia.

Jumamosi hiyo mchana tulimfuata hadi ukumbi mmoja katika mtaa wa Observatory. Tulimkuta jukwaani amevaa koti la baharia, uso umepakwa poda na midomo rangi nyekundu, akiimba katika igizo la kuchekesha pamoja na Wazungu wazee. Sikuwahi kumsikia akiimba. Ukumbi mzima ulicheka.

"Mama, anaigiza tu," nilimnong'oneza, nikiona aibu kwa kumshuku baba.

Mama hakucheka. "Na nyumbani," aliuliza, "si huwa anaigiza pia?"