Michezo Mia Tisa Katika Kaseti ya Otieno

Sisi tuliokulia Boito, kwenye mashamba ya chai, miaka ya tisini tusidanganyane: nasi tulipotezwa akili na mashine. Juzi mpwa wangu alinuna kwa sababu mashine yake ya gemu, iliyojaa michezo ambayo hata yeye hajui idadi yake, eti "haina gemu ya maana, Anko." Alibishana na mwenzake kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana, huku babu yake, yaani baba yangu, ameketi pale pale akingoja kusalimiwa. Hasira zilinipanda. Tasnifu ninayoiandikia chuo kikuu haijasonga tangu siku hiyo.

Enzi zetu mashine ilikuwa moja. Aliileta Otieno, mtoto wa fundi wa kiwanda cha chai aliyetoka upande wa ziwa, pamoja na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ina michezo mia tisa tisini na tisa. Televisheni ilikuwa yetu, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari iliyochajiwa sokoni kila Jumanne. Redio nayo ilinyonya betri hiyo hiyo. Jumamosi moja kaka yangu Kiprono alisema kaseti ni ya uongo: michezo ni sita tu, wahusika wake wanabadilishiwa kofia. Otieno akamuuliza wachuma chai wangejulia wapi gemu. Kiprono akamjibu kwamba walau chai hupimwa kwa mizani, si kwa maandishi ya nje ya kikapu.

Mimi, niliyelaaniwa kupenda uhakika, nikatoa daftari na kupendekeza tuifungue michezo yote, nambari kwa nambari.

Daftari hilo lilikuwa na kazi nyingine. Simu hazikuwapo, kwa hiyo kila mchana lazima mtu akae kando ya redio wakati wa matangazo ya vifo, aandike majina na siku za mazishi. Baba alinipa kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wangu. Asubuhi ile, akiinua kikapu kwenda kituo cha kuuzia majani, alinikumbusha: kwanza matangazo, halafu michezo.

Kwenye nambari mia mbili na kumi na nne picha ilianza kusinyaa pembeni, dalili ya betri kuisha ambayo kila mtoto wa kwetu aliijua. Niliiona. Nikaandika "kofia tena" na kufungua ukurasa mwingine. Saa ya matangazo ilipofika, redio ilikoroma, ikanyamaza. Baba aliporudi nilimwambia hakukuwa na jina la kwetu.

Senge, dada yake Baba aliyeolewa Kipkelion, alitangazwa mchana huo kwa jina la mumewe, ndiyo maana majirani hawakumtambua. Alizikwa Jumatatu. Alhamisi mgeni alikuja kutoa pole, akamkuta Baba shambani, hajui lolote.

Baba hakunichapa. "Dada yangu amefukiwa mimi nikichuma chai," alisema. "Na wewe uliniambia hakuna jina."

Leo habari za msiba huingia kwenye simu kabla mwili haujapoa. Mpwa wangu hatakosa mazishi ya mtu, na hilo linanikasirisha zaidi kuliko inavyostahili. Nilimpokonya mashine yake nikamtuma amsalimie babu. Alikwenda akiguna. Mzee akamshika mkono, akamuuliza kwa upole ni mchezo gani ulio mzuri kuliko yote. Mimi, tangu Alhamisi ile, hajaniomba tena nimsikilizie chochote. Redio huiwasha mwenyewe, hata sasa, na kuisogeza karibu na sikio.