Utando Ulioonja Ukungu wa Lushoto

Tulikwenda Lushoto kwa sababu friji la maabara lilikufa. Dada yangu Mwanaidi, mwanafunzi wa kemia Dar es Salaam, alikuwa ametengeneza utando wa plastiki ulioshiba chumvi ya ajabu: chumvi ambayo ni kimiminika bila kuyeyushwa kwa tone la maji. Utando huo hukaa katikati ya betri na kupitisha chaji. Mwalimu wake alitaka authibitishe kwenye baridi, la sivyo aache mada hiyo na kuanza upya. Miaka miwili ya kazi yake ilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Mimi, mwandishi wa riwaya isiyokwisha, nilichukuliwa kubeba mita ya kupimia chaji.

Saa saba mchana tulikuwa Mombo, jua likitupiga utosini. Muuza machungwa aliuliza kopo lina nini. Dada akamjibu kwamba ni plastiki inayopitisha umeme. Yule bwana alitukabidhi machungwa kwa mkono ulionyooka, kama anayelisha mbwa asiyemjua.

Kutoka hapo barabara ilipanda kwa kona, na kila kona ilituvua joto kidogo. Mashamba ya kabichi yalining'inia kwenye miteremko, na mawingu yakapita chini yetu bila hata salamu.

Jioni tulifika kwa Shangazi Zaina, mkulima wa karoti, juu kidogo ya mji. Alizipokea shikamoo zetu kwa marahaba ndefu, akatulisha mpaka nikalionea aibu tumbo langu. Dada alimwomba jambo moja tu: asilihamishe kopo kutoka dirishani.

Asubuhi, saa moja, namba kwenye mita ilipanda kuliko ilivyowahi kupanda. Dada, mtu asiyecheza hata harusini, alicheza. Alikuwa ameshamwandikia mwalimu ujumbe, kidole kikielea juu ya kitufe, Shangazi alipoingia na chai.

"Sikulihamisha," alisema kwa fahari. "Nililifungua tu tangu alfajiri, palepale dirishani. Kitu ukikifungia huku kinaoza, mwanangu. Lazima kipumue."

Ukungu ulikuwa umejaa dirisha zima. Dada alikaa chini, akanieleza polepole kwamba chumvi ile hunywa maji ya hewani, na maji huifanya chaji ipite haraka zaidi. Tulikuwa tumeupima ukungu.

"Tuma tu," nikamnong'oneza. "Nani atajua?"

"Betri itajua," akasema, akafuta ujumbe.

Shangazi alinuna. Aliuliza kama tumetoka Dar kuja kuisema vibaya hewa yake. Kisha, akiwa bado amenuna, alilibeba kopo hadi jikoni, akalifunika kwa kitambaa chepesi na kuliweka kwenye uchaga juu ya mafiga, ubavuni mwa mahindi ya mbegu. Alisema hakuna mbegu iliyowahi kumshinda kukauka, sembuse plastiki.

Siku mbili tulikohoa moshi, dada akiugeuza utando kama chapati. Mimi nilitumwa kupalilia. Niling'oa karoti, nikaacha magugu, nikahamishiwa kwenye viazi vya kumenya.

Siku ya nne, kwenye baridi ya kugonganisha meno, tulipima tena. Namba haikufika hata nusu ya ile ya ukungu. Hata hivyo ilisimama imara mara tatu, wakati utando wa zamani aliouleta wa kulinganishia, usio na chumvi ile, ulilala fofofo. Dada alituma namba zote mbili, kubwa na ndogo, na kisa chote.

Jibu lilitukuta Mombo tukirudi. Mwalimu aliandika aendelee na mada yake, ila aeleze kikaushio: joto lake, na umbali kutoka kwenye moto. Dada akampigia Shangazi.

"Joto ni la maharage," Shangazi alisema baada ya kufikiri. "Umbali ni pale ninapofika nikinyoosha mkono."

Nilikuwa nikidhani sayansi ni ya watu wasiokosea. Nimejifunza kwamba ni ya watu wanaokubali kutuma namba ndogo. Wiki ijayo napanda tena Lushoto, peke yangu, na futi ya fundi cherehani, kuupima mkono wa Shangazi.