Waliomnyima Mzee Nampoto Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Temeke, Mganga Mfawidhi alinikabidhi chumba chenye magodoro mawili na baiskeli ya mazoezi iliyokosa pedali. Kwenye benchi walikaa wazee wanaotetemeka mikono.

"Hao ni uzee tu," alisema. "Wachoshe, wakalale."

Nilikuwa nimesomea fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi. Nikamwambia uzee hauanzi mkono mmoja ukauacha mwingine.

"Sista, umekuja kufanya kazi au kunifundisha?"

Hasira ya siku ile sijaimaliza.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo. Humo mna protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo sote tunayo. Kwa mgonjwa hukunjwa vibaya, hugandamana vibongebonge, na seli hufa. Kama vibonge ndivyo vinavyoua, au ni mabaki tu ya mauaji, wataalamu bado wanabishana. Mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi zimeshakwenda. Uzee peke yake haufanyi hivyo, wala jini.

Nilihamishiwa Kinondoni, kisha kliniki moja ya mishipa ya fahamu upande wa Buguruni, chini ya Daktari Bingwa. Huyo aliujua ugonjwa, sikatai. Ila alizungumza juu ya vichwa vya wagonjwa. Siku moja alisimama mbele ya Mzee Nampoto, mchonga vinyago kutoka Newala, akawaambia wanafunzi wake, "Tatizo la huyu ni protini ubongoni." Akaandika vidonge vya levodopa, ambavyo mwili huvigeuza kuwa dopamini, akaenda kitanda kingine. Mzee na mkewe, Mama Salome, hawakuelezwa zaidi.

Karibu na soko alikaa muuza mitishamba mwenye spika. Mama Salome akamsimulia maneno ya daktari. Haikuchukua muda, spika ikawa inatangaza unga wa kufuta protini kichwani.

Mzee aliporudi kwangu kwa mazoezi, suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Anakula nini, mama?"

"Ugali na mchicha. Maharage nimekata, samaki nimekata. Hata yai hali."

"Kwa nini?"

"Si mlisema wenyewe ana protini kichwani? Yule wa spika kasema nyie mnamlisha ugonjwa. Na vidonge vyenu nikavisimamisha."

Mzee alicheka kwa ile sauti yake ndogo. "Mbuzi wa jirani anakula vizuri kuliko mie. Nilikuwaga nawachonga hawa kwa mpingo, sasa nashindwa kuchonga kijiti cha meno."

Niliwakalisha. Nikawaeleza kwamba samaki huvunjwavunjwa tumboni, haendi kuganda kichwani. Kile kibonge ubongo umekitengeneza wenyewe. La kuangalia ni muda tu: kidonge kimezwe kabla ya chakula, kwa sababu protini ya chakula hugombea na dawa njia ya kuingia mwilini. Mama Salome alijifunika uso kwa khanga.

Nikamfuata Daktari Bingwa.

"Mimi sikusema asile," alisema.

"Hukusema ale."

"Sasa unataka nikagombane na wauza mizizi barabarani?"

"Nataka ukaongee na mkewe. Yuko hapo nje."

Akatazama saa, akasema ana kikao.

Mzee alirudia vidonge, akaletewa samaki. Lakini koo lilikuwa limeshachoka kumeza na mwili haukuwa na akiba. Nimonia ilimkuta hivyo, ikamchukua. Siku ya mazishi tulimwomba yule wa spika apunguze sauti. Alipunguza mpaka jeneza likapita, kisha akaongeza.

Sasa nimestaafu, ninaishi Mbweni. Vijana wa fani huja kuniuliza juu ya mazoezi, nami nawaonyesha. Halafu nawaambia, mgonjwa asiinuke kabla hujamuuliza jioni atakula nini. Wengine hutabasamu, wakidhani bibi anachangamsha mazungumzo. Sichangamshi.

Mama Salome hunipigia simu hadi leo, na swali lake ni lile lile.

"Sista, niambie kweli. Ningempa samaki, angepona?"

"Asingepona, mama. Ugonjwa ule haujapata dawa ya kuumaliza."

Nami simdanganyi, namalizia.

"Ila angekufa ameshiba. Na aliyemnyima si wewe."