Sindano ya Mwenza

Nyumbani kwetu mimi ndiye mpuuzi rasmi. Makande yakiungua, mama ananitazama mimi kwanza. Kwa hiyo kaka yangu aliponiambia, tukiwa tunang'oa vitunguu swaumu, kwamba akikojoa anasikia moto, nilimshauri akojolee jikoni tupunguze kuni. Hakucheka. Hapo nikajua ni kubwa.

Kaka ana miaka ishirini na saba. Chumba cha uani kwetu alipanga bwana mifugo, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali. Mama alisema yeye na kaka ni marafiki. Mimi niliwasikia wakigombania nani aoshe sufuria, nikajua ile ni nyumba ya watu wawili. Nilinyamaza. Ndicho kitu pekee nilichowahi kunyamazia.

Kondomu hawakuwahi kutumia. "Mimba itoke wapi?" kaka aliniambia, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Bango la zahanati lina mwanaume, mwanamke na mtoto mnene. Wao hawakujiona pale, wakadhani na ugonjwa hautawaona.

Nesi, anayeimba kwaya moja na mama, alimwambia kaka kwa upole kwamba gono hutibiwa watu wawili kwa pamoja, la sivyo ugonjwa utarudi. Alete mwenza wake. Kaka akaitikia, akatoka, akaja kujificha nyuma ya zizi.

Siku ya pili alimpeleka binti wa shangazi yetu ajifanye ndiye mwenza, dada mmoja aliyeachika ambaye haogopi mtu. Alikubali kwa sharti la kupaliliwa shamba. "Aibu yangu mimi niliimaliza siku niliporudishwa kwa baba," alisema. Alirudi akichechemea na kumtukana kaka kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, njia nzima. Vidonge alivyopewa anywe baada ya kula alimkabidhi kaka, vikamfikia bwana mifugo. Sindano haikufika. Ilibaki kwenye tako la dada, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote.

Bwana mifugo naye aende zahanati na nani? Na dada yuleyule? Tulicheka sana juu ya hilo. Ng'ombe wa nesi aliwachanja yeye mwenyewe, na kila mtu kijijini alimjua.

Jioni moja kaka alikuwa zizini anakamua, mimi na bwana mifugo tuko uani tukisubiri maziwa tulie ugali. Bwana mifugo akaniuliza, nusu utani, sasa afanyeje.

"Shemeji," nikamwambia.

Akacheka mpaka akapaliwa. Akafuta macho. "Hebu rudia."

"Shemeji. Wewe si daktari? Jichome ile ya fahali, uzito wenu mmoja."

Kesho yake nilikuwa darasani, somo la jiografia, nilipomwona kaka dirishani, buti moja mguuni, mguu mwingine peku. Bwana mifugo alikuwa amejichoma pajani dawa ya ng'ombe kutoka kwenye sanduku lake la kazi. Uso ulimvimba, koo likafunga. Bodaboda ilipofika zahanati alikuwa ameshakata roho.

Mtaani walisema presha. Nesi alikuja uani kwetu na wengine, akaona chupa, akaona na bahasha ya vidonge aliyoiandika kwa mkono wake jina la dada. Aliiweka mfukoni kabla mama hajaingia. Halafu akamwambia kaka taratibu, "Mdogo wangu, ungeniletea yeye."

Hatujui hadi leo kama kweli angempokea. Kaka analifikiria hilo kila siku, naona.

Maiti ilisafirishwa kwao kwa gari la ofisi. Nafasi zilikuwa za ndugu na watumishi wenzake. Kaka alikuwa jirani. Alipakia begi la marehemu, akafunga mlango wa nyuma, akabaki barabarani mpaka vumbi likatua.

Alirudi zahanati peke yake kupima kila kitu. Siku hizi ana pakiti ya kondomu chini ya godoro, haijafunguliwa. Sijaifanyia utani.

Kitu anachoniomba ni kimoja, tena mara kwa mara, hasa tukiwa shambani. Nilimwambia siku ya msiba kwamba nilimwita mtu wake shemeji, naye anataka kulisikia tena. Alisemaje? Alicheka vipi?

Namwambia alicheka mpaka akapaliwa, akafuta macho, akasema hebu rudia.

"Ukarudia?"

"Nikarudia."

Kaka anatikisa kichwa, anatabasamu kidogo, anainama kuendelea na kazi. Mimi naishia hapo. Sentensi iliyofuata, ile ya fahali, hajawahi kuisikia.