Sentensi Niliyoiuza

Mama yangu anashona kanzu Gitega, mtaa mmoja wa Kigali, kwenye chumba ambacho wakiingia wateja wawili, wa tatu anasubiri nje. Miaka michache iliyopita niliandika habari zake kwenye tovuti yangu, moja ya zile tovuti ndogo ambazo mwenyewe ndiye mwandishi, mhariri na, siku nyingi, msomaji pekee. Niliandika kwamba anayetaka fundi wa kanzu Kigali asihangaike, aende kwa mama huyu. Alitaka nimsomee sentensi hiyo mara tatu. Baadaye akawa anawaonyesha wateja kwenye simu, akijifanya hajui imefikaje humo.

Mwaka jana wakala wa kampuni moja kubwa ya nguo akaniandikia. Alitaka yale maneno manne, fundi wa kanzu Kigali, yawe kiungo: ukiyabonyeza, unapelekwa kwenye duka la kampuni mtandaoni. Sikutakiwa kubadilisha hata herufi. Mchezo huo niliujua vizuri. Kampuni kubwa hununua viungo vya namna hiyo kwenye tovuti nyingi, ili mtambo wa utafutaji udhani watu wanazisifia kwa hiari yao, uzipandishe juu. Nilijiambia ukurasa wenyewe hauna wasomaji, nitamdhuru nani? Nikalipwa, nikanyamaza.

Ramadhani hii mama alikuwa ameshaacha kupokea kazi mpya, kama kawaida yake likiingia kumi la mwisho. Nilikuwa kwake mchana mmoja nikimsaidia kushonea vifungo, akaingia mwanamume ambaye hatukuwahi kumwona, amekunja uso, kanzu mkononi.

"Mama, hii kanzu uliniuzia imefumuka kwapani. Sijavaa hata siku moja."

Mama akaipokea, akaigeuza ndani nje. Yeye mshono wa kwapa huurudia mara mbili, kisha huufunika kwa kipande cha kitambaa, hata kama hakuna atakayekiona. Hii ilikuwa imepigwa mshono mmoja tu, nyuzi zinaning'inia.

"Lakini mwanangu, hii si kazi ya mkono wangu."

"Iko kwenye simu, mama. Nilisoma habari yako, nikabonyeza pale wameandika fundi wa kanzu, nikalipa, wakaniletea. Si duka lako?"

Akafungua simu kumwonyesha. Mama alitazama picha yake mwenyewe, akatazama duka lililofuata, asielewe. Angeweza kumfukuza, na mimi nilitamani amfukuze. Badala yake alimwomba radhi. Alisema mtu haendi kuswali Idi kwapa likiwa wazi, akakaa kwenye cherehani akaishona upya makwapa yote mawili, bure. Nilishonea kifungo kimoja mahali pasipo pake, nikakitoa, nikakirudisha palepale.

Yule mtu alipoondoka nikamwambia mama kila kitu. Nilisema haraka haraka kwamba kiungo nitakitoa sasa hivi, kazi ya dakika moja.

Hakuniuliza walinilipa nini. Aliendelea kuokota nyuzi nyeupe sakafuni.

"Watu wanakuja wakinitafuta mimi," akasema, "wewe unawapeleka kwa wengine. Halafu vibovu vinarudi kwangu."

"Nisamehe, mama."

"Toa. Na mimi unitoe."

"Habari yako haina kosa. Kosa ni kile kiungo."

"Nimesema unitoe."

Nilimbembeleza, nikamkumbusha wateja aliokuwa akiwaonyesha. Akanisogezea simu mkononi. Nikaufuta ukurasa wote mbele yake, sentensi, picha na kila kitu.

Akavuta kigoda karibu yangu. "Sasa tafuta, nione."

Nikaandika fundi wa kanzu Kigali. Kampuni ilikuwa bado ya kwanza, imeshikiliwa huko juu na tovuti za watu wengine kama mimi. Nikashuka hadi mwisho, nikafungua ukurasa wa pili, nikafungua wa tatu, yeye akifuata kwa kidole. Mama yangu hakuwemo.