Kiwanja Kilichoegemea Mlima

Jumatano iliyopita nilikwenda kwenye kikao cha wazazi hapa Same, kwenye kiwanja kile cha vumbi, chini ya jua ambalo unalijua kama umewahi kushuka stendi yetu saa saba mchana. Binti yangu ameanza kucheza mpira katika timu ya watoto ya mtaa. Kocha wao, kijana mpole mwenye filimbi shingoni, alituketisha kwenye mabenchi ya shule akatueleza yale ambayo mzazi inampasa ayajue. Mtoto ale mapema na asishibe sana. Aje na maji yake ya kunywa. Viatu visiwe vya kaka yake, vyenye nafasi ya kulala panya. Na mzazi asimtukane refa, hata kama refa kweli haoni. Tukacheka. Kisha akasema, "Sasa na nyie mniambie. Kuna aliyecheza utotoni? Mzazi afanye nini hasa?"

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikasimama, nikasema, "Aje." Halafu maneno yakaniishia, nikakaa.

"Mama Ntilie kahutubia!" akasema baba mmoja nyuma yangu, maana wote wananijua kwa kibanda changu cha chakula pale barabara kuu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Walikuwa na haki.

Lakini tangu siku hiyo jibu lile linaniwasha. Mimi niliishia darasa la saba, na haya ninayoandika jioni huwa ni ya kupunguza mzigo tu, yasinilalie kichwani. Leo naandika lile nililotaka kusema. Nikikosea mahali, nivumilie. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Sisi tulikulia Mhezi, kule juu, ambako asubuhi unafungua mlango unakuta ukungu umekaa kizingitini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ambaye hajaishi milimani atadhani shida ya mpira ni jezi au magoli. Shida yetu ilikuwa kwamba hapakuwa na mahali palipolala sawa. Ukiukosa mpira, umeondoka. Unapita kwenye migomba ya jirani, unaruka mfereji, unaingia kwenye kahawa, na mnakuja kuukuta bondeni kwa watoto wengine kabisa, ambao wameshaanza kuuchezea na wanauliza, "Wenu una alama gani?" Alama! Mpira wa matambara na mifuko ya nailoni, uliofungwa kwa kamba za mgomba, utakuwa na alama gani? Tukirudi juu tumechoka, tumesahau na magoli ni mangapi.

Mwalimu wetu wa darasa la tano ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema watoto wanahitaji kiwanja. Wazee wakakubali, pembe ikapulizwa, watu wakatoka msaragambo. Kwa asiye wa kwetu, msaragambo ni kazi ya wote, iwe barabara, mfereji au shule, na mtu mwenye afya yake hakai nyumbani siku hiyo. Wanaume na wanawake walikuja na majembe na sururu. Bibi yangu na wenzake wakainjika makande kwenye masufuria makubwa, mahindi na maharage, na ile harufu yake ikichanganyika na udongo mbichi mpaka leo kwangu ndiyo harufu ya mpira.

Sasa sikia. Watu wa milimani kwetu walijua njia moja tu ya kusawazisha ardhi, nayo ni ya kukata ngazi za shamba. Na ngazi nzuri ya shamba hailazwi sawasawa. Unaiinamisha kidogo kuelekea mlimani, ili mvua ikinyesha maji yasikimbie na udongo. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo kiwanjani. Mikono yao ilifanya yenyewe. Jioni mwalimu akaweka mpira katikati, mbele ya kijiji kizima, na mpira ukaanza kutembea. Polepole, kwa adabu, ukaenda mpaka ukingo wa juu ukaegemea mlima. Bibi yangu, mwiko mkononi, ndiye aliyetangulia kufungua mdomo.

"Si mnaona?" akasema. "Hata wenyewe umechoka kuteremka."

Basi kikabaki hivyo hivyo. Masika yakija, upande wa juu ulikuwa dimbwi, na bata wa jirani yetu walihamia huko wakawa kama wachezaji wa akiba. Lakini ukweli niuseme: tangu siku ile hatukuufuata tena mpira bondeni. Na kwa kuwa mwinamo ulikuwa wa pembeni, hauelekei goli la mtu, hakuna timu iliyoonewa. Wote tuliteseka sawa.

Ukungu ukishuka mchezo ukiwa katikati, tulicheza kwa masikio. Nakumbuka siku moja tulisikia shangwe upande wa pili, wala hatukuona kitu. Mwalimu akapaza sauti ndani ya ule weupe, "Kipa, limeingia?" Kisha ikaja sauti ya mtu anayekaribia kulia: "Limeingia, mwalimu." Mwalimu akamfuata kipa akampa mkono. Watoto wa siku hizi wangesema? Sijui. Sijawajaribu kwenye ukungu, na Same ukungu hakuna, kwa hiyo hilo niliache.

Timu yetu ilikuwa na wasichana wawili. Mimi nilikuwa beki, kwa sababu nilikuwa mzito na siogopi. Nyumbani kila mtu alijua napenda mpira, na kila mtu alijua baba haupendi. Kiwanja alikichimba kama wengine, tena ngazi yake ilikuwa nzuri kuliko zote, lakini alisema, "Mpira ni wa watu wasio na mfereji." Akaweka na mpaka: muhula ule ukiisha, na mpira wangu uishe, maana nimekuwa mkubwa na maji yanataka miguu.

Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamchora vibaya. Kwetu juu ya mashamba kuna ndiva, bwawa lililochimbwa kwa mikono, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kila ukoo una siku yake. Siku yenu ikipita hamjamwagilia, mnangoja mzunguko mzima, na maharage hayajui kungoja. Maji yakishuka, mtu mzima anakwenda nayo kwa jembe, na mtoto anasimama kwenye mlango wa kila tuta. Baba akipiga kelele "Ziba!" unaziba kwa udongo na vipande vya mgomba. Akisema "Fungua!" unafungua. Hapo hakuna kuuliza kwa nini. Ukichelewa tu, maji yameshakwenda kwa jirani. Nilianza kazi hiyo nikiwa mdogo kuliko jembe lenyewe.

Muhula ukakaribia kwisha, na mwalimu akaalika watoto wa kijiji cha Myamba waje tucheze. Mimi nikajiwekea tumaini moja: baba akiniona siku hiyo, kwa macho yake, atajua kwamba sizururi. Huenda akaniacha niendelee. Asipokuja, ule mchezo ndio wa mwisho. Nilihesabu kila kitu isipokuwa zamu ya maji. Ikaangukia siku hiyo hiyo.

Ilikuwa kiangazi, maji yalikuwa membamba, yanajivuta kwenye mfereji kama mzee anayekwenda kulipa kodi. Jua lilipofika utosini tulikuwa hatujafika hata nusu ya shamba. Kwa mbali nikasikia honi. Watoto wa Myamba wameingia, wamesimama nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi, wanaimba.

"Baba," nikasema, "mpira ni leo."

"Na maji ni leo."

Nikainama nikaendelea kuziba. Sikulia, au kama nililia ilikuwa ni jasho. Ndipo bibi akatokea na khanga yake kiunoni, akaninyooshea mkono. "Lete hilo jembe."

"Mama, na mgongo wako?" akasema baba.

"Mgongo wangu nimekuja nao mwenyewe. Mfereji huu nilikuwa nauziba wewe hujaota meno. Mwache mtoto aende."

Baba aliangalia maji, akaangalia mama yake, na kati ya hao wawili hakuna aliyekuwa tayari kumsubiri. "Nenda," akaniambia. "Lakini mimi siji. Maji hayaachwi njiani."

Nilikimbia. Nilifika nina furaha nusu.

Watoto wa Myamba walikuwa na jezi za kweli na mpira wa kweli wa ngozi, na walitutazama kama watu waliopotea njia. Lakini dakika za mwanzo tu kila pasi yao ikawa inakwenda kuegemea mlima. Nahodha wao, mvulana mrefu mwenye mbio, akasimama akashika kiuno.

"Kiwanja chenu kimelewa!"

"Kimelewa lakini kinajua kwao!" akajibu jirani yetu mwenye bata, na pembeni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wazazi walikuwa wamejipanga ukingo mzima, wengine na majembe, wengine wanamenya miwa, akina mama na watoto mgongoni. Hawakujua sheria hata moja. Mpira ukitoka walipiga makofi, ukiingia ndani walipiga makofi. Tukapata goli moja. Nilimwangalia kila mtu pale ukingoni, nikarudia tena, na baba hakuwepo.

Mchezo ukawa unaelekea mwisho. Yule nahodha mrefu akauchukua mpira upande wa juu, akawapita wawili wetu, akanijia mimi, na nyuma yangu ni kipa peke yake. Nikawa sijui nimfuate au nirudi. Ndipo nikasikia nyuma ya watu wote ile sauti.

"Ziba! Ziba hapo!"

Sikufikiri. Mwili wangu uliisikia kabla yangu. Nilijitupa chini kama ninavyojitupa kwenye mlango wa tuta, mpira ukanigonga tumboni, ukaenda kulala mlimani. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amesimama ukingoni, jembe begani, suruali imekunjwa magotini. Na watu wote, kwa kuwa hatimaye wamesikia neno la mpira wanalolijua, wakalidaka: "Ziba! Ziba!" Tukipeleka mbele, "Fungua! Fungua!" Hata bata walikimbia. Tangu siku hiyo Mhezi ilishangilia hivyo, na wageni walidhani ni uganga.

Tungeshinda ningefurahi kukuambia, lakini haikuwa hivyo. Dakika chache baadaye yule yule mrefu alifunga, tena upande wangu, tena vizuri. Tukatoka sare, moja kwa moja, tukala makande pamoja nao, na wao walikula zaidi.

Njia ya kurudi nyumbani nilitembea nyuma ya baba, nikingoja. Kisha akasema, "Maji yamefika mgomba wa mwisho."

"Ndiyo, baba."

"Yule mrefu ulimwachia upande wa chini. Maji yakipata upenyo hayaulizi njia, mama. Unasimama chini yake, siyo juu." Tukapanda kidogo. "Mnacheza tena na nani?"

Ndipo nilipokumbuka miguu yake nilivyoiona pale kwenye mchezo. Kutoka shambani kwetu hadi kiwanjani ni mwendo wa kupanda, na jua lilikuwa kali. Kama alikimbia sijui, sikumwona, na yeye hakusema mpaka anaingia kaburini. Ninachojua ni kwamba alipofika pale ukingoni, matope ya miguuni mwake yalikuwa bado yanang'aa. Yalikuwa hayajakauka.

Nilicheza mpaka nilipomaliza shule.

Siku hizi nikipanda Mhezi, kiwanja kile kimelimwa tangawizi, nayo imestawi, siwezi kumlaumu mtu. Ngazi ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Ndiva imetiwa saruji. Pembe sijaisikia, watu wanaitana kwa simu. Bibi na baba wamelala jirani, upande wa juu. Vijana niliowauliza "ziba" ya mpira ni nini waliniangalia kwa huruma.

Jumamosi, jana, timu ya binti yangu ilicheza. Kibandani palikuwa na mabasi mawili kwa pamoja, watu wanataka chapati, na mimi nina unga kwenye viganja. Nikasema moyoni, siwezi kwenda, abiria hawaachwi njiani. Msaidizi wangu, mama mmoja mtu mzima kuliko mimi, akaninyang'anya kisukumio.

Nilifika kipindi cha pili. Kiwanja cha Same kimelala sawa kama meza, mpira ukiuweka unatulia, na wazazi walikuwa wametulia vilevile, kila mtu na simu yake. Binti yangu naye ni beki. Alikuwa anatazama ukingoni, mtu mmoja mmoja, na mimi naijua hiyo hesabu. Mshambuliaji akawa anamjia.

"Ziba!" nikapiga kelele. "Ziba hapo!"

Watu wakageuka wote. Yule baba wa kwenye kikao akasema, "Mama Ntilie leo anazima moto!" Binti yangu hakuziba, alipitwa, kipa akaokoa. Lakini alikuwa ameshaniona.

Mchezo ulipokwisha alinijia mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo mama. Kwa nini ulikuwa unapiga kelele vile? Wenzangu wamenicheka." Yeye akanishika mkono, akaurudisha haraka, akaangalia kiganja chake kilichonata.

"Mama," akasema, "unga wako bado mbichi."